Paula hayupo, sauti ipo: kisa cha AHI kwenye kompyuta ya Amiga

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongea kuhusu kompyuta zilizokuwa sebuleni kwa wazazi wetu kabla hatujazaliwa, na muda ukatuishia nikiwa ndo kwanza nimeitaja Amiga. Wengi mmeuliza: ile habari ya programu inayotoa sauti bila kujua inaitoa kwenye kifaa gani, maana yake nini hasa? Niliahidi nitaiandika, basi hii hapa. Huhitaji kuwa fundi. Kama umewahi kwenda na mama kwa daktari ukamfasiria, nusu ya somo unalo tayari.

Kwa kifupi ni hivi. Mwaka 1994 kampuni iliyotengeneza Amiga ilifilisika, na kompyuta zenyewe zikaanza kufa moja moja. Programu nyingi za Amiga zilikuwa zimefungamana na chipu moja tu ya sauti, chipu ambayo ilikuwa ndani ya Amiga na si kwingine. Leo kuna mashine zinazoendesha programu za Amiga bila kuwa na chipu hiyo kabisa, na sauti inatoka. Inatoka kwa sababu ya kazi iliyoanzishwa na mtu mmoja, inayoitwa AHI. Kwenye familia yetu, tofauti ya programu iliyotumia AHI na ile ambayo haikuitumia nimeisikia kwa masikio yangu. Nitafika huko. Kwanza tumjue Paula.

Paula ni nani?

Amiga ya kwanza ilizinduliwa New York mwezi Julai 1985 na kampuni ya Commodore. Ndani yake kulikuwa na chipu tatu maalumu: Agnus, Denise na Paula. Agnus alisimamia kumbukumbu na nani aitumie saa ngapi. Denise alitoa picha. Paula alishika sauti, pamoja na kazi nyingine kama kusoma diski. Huku Uingereza iliyoingia majumbani kwa wingi ni Amiga 500, iliyotoka mwaka 1987, ile ambayo kibodi na kompyuta vyote ni kitu kimoja.

Kwa miaka hiyo Paula alikuwa moto. PC ya kawaida wakati ule ilikuwa na kispika kidogo kinachosema "pii" basi. Paula alikuwa na chaneli nne, na kila chaneli iliweza kucheza sauti iliyorekodiwa: ngoma, gitaa, mtu anaongea. Chaneli mbili zilitokea kushoto, mbili kulia. Sauti ilikuwa ya biti 8, yaani kila punje ya sauti ni namba moja kati ya ngazi 256. Ukubwa wa sauti ulipimwa kuanzia 0 hadi 64.

Sasa, mtu alikuwa anamwambiaje Paula apige sauti? Anaandika namba moja kwa moja kwenye anwani maalumu za kompyuta, kuanzia ile inayoitwa DFF0A0. Anasema: sauti inaanzia hapa kwenye kumbukumbu, urefu wake huu, ukubwa wake huu. Halafu anataja kasi. Na hapa ndo pana jambo la kuangalia, kwa sababu Paula haelewi "cheza punje 8,000 kwa sekunde". Anachotaka ni idadi ya mapigo ya saa yake ya kusubiri kati ya punje moja na inayofuata.

Saa hiyo haikuwa sawa dunia nzima. Amiga za Ulaya, zilizofuata mfumo wa televisheni wa PAL, zilikuwa na saa ya mapigo 3,546,895 kwa sekunde. Za Marekani, za mfumo wa NTSC, mapigo 3,579,545. Sasa chukua namba 428, ambayo watunzi wa muziki wa Amiga waliijua vizuri. Kwenye mashine ya Leicester inakupa punje takribani 8,287 kwa sekunde. Namba hiyohiyo kwenye mashine ya Chicago inakupa takribani 8,363. Yaani wimbo uleule, diski ileile, ukivuka bahari unapanda kwa karibu asilimia 1. Si kosa la mtunzi. Alichoandika kilihusu mapigo ya saa ya mashine moja, na mashine nyingine ina saa yake.

Kuongea na Paula namna hiyo kulikuwa na faida kubwa. Prosesa ya Amiga 500 ilikuwa na kasi ya takribani megahezi 7 tu, lakini ukishampa Paula maagizo, anasoma sauti mwenyewe kwenye kumbukumbu na prosesa inaendelea na mambo yake. Ndiyo maana michezo ya Amiga ilikuwa na muziki mzito bila kukwama. Hasara yake haikuonekana siku hiyo. Ilikuja kuonekana miaka kumi baadaye.

Chipu haikui, dunia inakua

Amiga 1200 ilitoka mwaka 1992. Picha zilikuwa bora, prosesa ilikuwa bora, lakini kwenye sauti Paula alikuwa yuleyule wa mwaka 1985: chaneli nne, biti 8. Mwaka huohuo wa 1992 wenye PC walipata Sound Blaster 16, kadi ya biti 16. Mwenye Amiga aliyekuwa anatambia jirani sasa akawa yeye ndiye anayetambiwa.

Suluhisho lilikuwepo, la nusunusu. Amiga kubwa zilikuwa na nafasi za kuchomeka kadi za ziada, na kadi za sauti zikaanza kuuzwa, kama Toccata, na baadaye Prelude na Delfina. Tatizo ni kwamba kila kadi ilikuja na taratibu zake. Mwandishi wa programu alitakiwa ajifunze lugha ya Toccata, halafu ya Prelude, halafu ya nyingine, au aachane nazo zote aandike kwa Paula tu kwa sababu Paula yupo kila mahali. Wengi walichagua Paula. Matokeo yake, mtu ananunua kadi ya pesa nyingi, anaichomeka, na programu zake nyingi haziijui kabisa.

Mtu anaweza kuuliza: kwani mfumo wenyewe wa Amiga haukuwa na njia ya katikati? Ulikuwa nayo, inaitwa audio.device, na Commodore walisisitiza itumike. Lakini hiyo nayo iliongea Kipaula. Ukiiomba sauti unaiomba mojawapo ya zile chaneli nne, unataja ukubwa kati ya 0 na 64, unataja mapigo ya saa. Ilipanga foleni vizuri ili programu mbili zisigombanie chaneli moja, ila haikuweza kufikiria dunia ambayo Paula hayumo.

Halafu ikaja Aprili 1994, Commodore ikafilisika. Mwenye nyumba kaondoka. Aliyepaswa kukaa na watengenezaji wa kadi na waandishi wa programu awaambie "jamani, tukubaliane tuongee hivi" hayupo tena.

Mkalimani kutoka Sweden

Aliyeijaza nafasi hiyo hakuwa kampuni. Katikati ya miaka ya 1990, Msweden anayeitwa Martin Blom alitengeneza AHI, mfumo wa sauti wa Amiga usiotegemea kifaa fulani. Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza, ingawa kulitekeleza ni kazi.

Kuna pande tatu. Upande mmoja ni programu: mchezo, kicheza muziki, chochote. Upande wa pili ni kifaa: Paula, Toccata, Prelude. Katikati anakaa AHI. Programu haiongei na kifaa. Inaiambia AHI: nataka chaneli nane, sauti hii hapa, icheze kwa hezi 22,050, ukubwa nusu, isogee kushoto kidogo. Angalia, ni hezi, kipimo ambacho ni kilekile Leicester, Chicago na Muscat. Hakuna mapigo ya saa ya mtu humo.

AHI nayo inachukua ombi hilo na kulikabidhi kwa kipande kidogo cha programu kinachokijua kifaa husika. Hicho ndicho draiva. Kila kifaa kina draiva yake, faili moja kwenye folda ya DEVS:AHI: ipo paula.audio, ipo toccata.audio, na kadhalika. Kadi mpya ikitoka, anaandikwa draiva mmoja, na programu zote za zamani zinazotumia AHI zinaijua kadi hiyo siku hiyohiyo. Hakuna anayerudi kuandika mchezo wake upya. Na anayechagua sauti itokee wapi ni mwenye kompyuta, kwenye dirisha la mipangilio.

Sisi tuliokulia huku tunaijua kazi hii. Wengi wetu tumekuwa wakalimani tangu tuna miaka tisa: kwa daktari, benki, kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Mama hakulazimika kujifunza Kiingereza cha kila ofisi, wala daktari hakujifunza Kiswahili. Na familia ilipohama kutoka Uholanzi kuja Uingereza, mama hakubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mtoto gani sasa anafasiri. Draiva ndo huyo mtoto.

Lakini AHI haikuishia kupitisha ujumbe. Ilifanya mambo ambayo Paula mwenyewe asingeweza.

La kwanza ni kuchanganya. Sauti ndani ya kompyuta ni namba, kwa hiyo sauti mbili zikipigwa pamoja unajumlisha: punje hii 40, punje ile 25, toa 65. AHI iliweza kuzijumlisha chaneli nyingi kwa hesabu, halafu ikapeleka jumla kwenye kifaa. Kifaa kina chaneli mbili tu? Hakuna shida, kitapokea mchanganyiko uliokwisha kupikwa.

La pili linahusu kumbukumbu. Paula aliweza kusoma sauti iliyoko kwenye sehemu moja tu ya kumbukumbu, ile aliyogawana na chipu wenzake, ambayo kwenye Amiga 500 za mwanzo ilikuwa kilobaiti 512. Ukinunua kumbukumbu ya ziada, Paula haioni. Kwa AHI sauti inaweza kukaa kwenye kumbukumbu yoyote, kwa sababu anayeisoma ni prosesa inapochanganya.

La tatu ndilo ninalolipenda. Paula ana biti 8, lakini draiva wake kwenye AHI aliweza kumtoa biti 14. Inafanyika hivi: unachukua chaneli mbili za upande mmoja. Ya kwanza unaiweka ukubwa 64, ya pili ukubwa 1. Ile ya pili ni dhaifu mara 64, kwa hiyo inatumika kujazia ngazi ndogondogo zilizo kati ya ngazi moja kubwa na nyingine. Biti 8 za ya kwanza, jumlisha biti 6 za ya pili, unapata 14. Gharama yake ni kwamba zile chaneli nne zinakuwa mbili, moja kila upande, lakini kwa kuwa AHI inachanganya yenyewe, hilo halikuwa tatizo. Programu yenyewe haikuhitaji kujua lolote kuhusu ujanja huu. Iliomba sauti nzuri, ikapewa.

Diski mbili za mjomba

Sasa lile la nyumbani kwetu.

Mjomba wangu alikuwa na Amiga 500 Leicester mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watoto wake walikuwa wanasemeshwa Kiswahili na kujibu Kiingereza, kama wengi wetu hapa. Mwaka 1992 akaandika programu: inatokea picha, unabofya, unasikia jina lake kwa Kiswahili. Kuku. Mwezi. Mlango. Ndizi. Sauti ilikuwa ya bibi, mama yake, aliyerekodi maneno hayo kwenye kaseti huko Tanga na kuituma kwa mkono wa mtu. Mjomba akayaingiza kwenye kompyuta kwa kidude kilichochomekwa kwenye tundu la printa. Kwa zile punje 8,287 kwa sekunde, diski nzima ya Amiga ya kilobaiti 880 inabeba sekunde mia na kitu tu za sauti, kwa hiyo kila neno alilikata mwanzo na mwisho kwa uangalifu. Hiyo ya kwanza aliiandika kama watu wengi walivyoandika: inampa Paula maagizo moja kwa moja.

Mwaka 1997 alikuwa na Amiga kubwa ya mtumba yenye kadi ya sauti, akaiandika upya kwa AHI, kwa sababu tu alitaka kuisikia kwenye ile kadi. Hakuwa anawaza mambo ya kumbukumbu ya vizazi. Alitaka thamani ya pesa yake.

Bibi alifariki mwaka 2003. Kaseti yenyewe haipo. Tulichobaki nacho cha sauti yake ni hizo diski mbili.

Mimi nina Mac mini ya zamani, ile ya prosesa ya PowerPC G4, niliyoiwekea MorphOS. MorphOS ni mfumo ulio ndugu wa AmigaOS: unazielewa programu za zamani za Amiga kwa kuzitafsiri kwenda lugha ya prosesa mpya. Lakini ndani ya Mac mini hakuna Paula. Hajawahi kuwepo.

Nikaanza na diski ya 1992. Dirisha likafunguka, picha ya kuku ikatokea, nikabofya. Kimya. Halafu programu ikaganda. Ilikuwa imeandika maagizo kwenye anwani ambayo kwenye mashine ile hakuna mtu anayeishi, na sasa inasubiri Paula aseme "nimemaliza". Ingesubiri hadi kesho.

Nikafungua ya 1997. Nikabofya kuku. Bibi akasema, "Kuku," kwa ile lafudhi ya Tanga, taratibu, kama mtu anayemtamkia mtoto mdogo. Sauti ikatokea kwenye chipu ya Mac, kifaa ambacho hakikuwepo mjomba alipoandika ile programu, kwenye kompyuta ya kampuni iliyokuwa mshindani wa Commodore. Mama alikuwa jikoni. Alikuja akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akaniambia nibofye tena mwezi. Nilipompigia mjomba kumweleza, swali lake la kwanza lilikuwa kama na ngoma ya chinichini inasikika au ni maneno peke yake. Inasikika, mjomba.

Emuleta je?

Kuna atakayesema: si ungetumia emuleta tu? Kweli, nimeitumia, na diski ya 1992 inafanya kazi humo. Emuleta nzuri inamwigiza Paula mzima, pamoja na Agnus na Denise, pigo kwa pigo la saa. Kwa michezo ya zamani hiyo ndiyo njia sahihi, na kwa nyingi ndiyo njia pekee.

Ila ni vitu viwili tofauti. Emuleta inahifadhi nyumba nzima, na unachotaka kukitumia lazima ukifuate ndani ya nyumba hiyo. Kazi iliyoandikwa kwa AHI inaweza kuhama. Inakaa kwenye mfumo wa leo pamoja na programu nyingine za leo, inatumia spika za leo. AHI ilitolewa pamoja na msimbo wake chini ya leseni huria, ndiyo maana watu waliweza kuihamishia kwenye mashine ambazo Blom hakuzilenga alipoanza. Ipo kwenye MorphOS. Ipo kwenye AmigaOS 4, inayoendeshwa kwenye bodi za PowerPC zisizo na Paula. Ipo kwenye AROS, ambayo inaendeshwa hata kwenye PC ya kawaida, na humo kuna draiva za chipu za sauti za PC. Kwenye AROS ya PC programu ya zamani inabidi ijengwe upya kutoka kwenye msimbo wake, kwa kuwa prosesa ni ya ukoo mwingine, lakini ile sehemu ya sauti ndani ya msimbo haihitaji kubadilishwa.

Bei ya mkalimani

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani walioandika moja kwa moja kwa Paula walikuwa wazembe. Mkalimani anakula muda. Ule usemi wake unapita masikioni mwake, kichwani, ndipo utoke mdomoni. AHI vilevile: sauti inaandaliwa kwa mafungu kabla ya kupigwa, kwa hiyo kuna kuchelewa kidogo, na kuchanganya chaneli kunakula nguvu ya prosesa. Kwenye Amiga 500 ya megahezi 7, mchezo wa kasi usingeweza kumudu kuzijumlisha chaneli nane kila sekunde na bado uchore picha. Waliomwendea Paula walifanya hesabu sahihi kwa mashine waliyokuwa nayo.

Na mkalimani hupoteza utani. Paula alikuwa na vitu vyake vya pekee, kwa mfano chaneli moja kuitikisa nyingine, ukubwa wake au kasi yake. Ukiongea kupitia AHI unatumia yale yanayowezekana kwenye vifaa vingi, na vituko vya Paula unaviacha. Baadhi ya kazi nzuri kabisa za Amiga ni vituko hivyo hasa, na hizo zitaendelea kumhitaji Paula, wa kweli au wa kuigizwa.

Kwa hiyo uamuzi wenyewe ni huu: unataka kitu kiwe kizuri kupindukia kwenye mashine moja, au kiwe kizuri vya kutosha kwenye mashine ambazo hujaziona? Kwa mchezo wa kuuzwa Krismasi ya 1990, la kwanza. Kwa sauti ya bibi yako, la pili.

Leo hatuoni ajabu yoyote. App ya kwenye simu yako haijui kama unasikiliza kwa spika, waya au bluetooth, na hujawahi kuiuliza. Kila simu ina mtu wa katikati wa namna ya AHI ndani yake. Tofauti ni kwamba kwenye simu kampuni kubwa inamlipa. Kwenye Amiga kampuni ilikuwa imekufa, na watumiaji wakajiwekea makubaliano wenyewe.

Kama kwenu kuna diski

Baada ya kipindi, wawili kati yenu mmeniambia kuna Amiga darini kwa baba. Basi haya ya haraka.

Usianze kwa kuiwasha. Baadhi ya Amiga, kama 4000, na kadi nyingi za kuongeza kumbukumbu kwenye Amiga 500, zina betri ndogo ambayo ikizeeka inavuja na kula bodi. Amiga 1200 na 4000 zina kapasita zinazovuja pia. Mpelekee fundi aangalie kwanza.

Diski ndizo za haraka zaidi, kwa sababu sumaku inafifia na ukungu unaingia. Kiendeshi cha kawaida cha PC hakiwezi kusoma diski za Amiga chenyewe. Kuna kidude cha bei nafuu kinaitwa Greaseweazle: unakiunganisha na kiendeshi cha diski na kompyuta yako ya sasa, kinakutolea nakala nzima ya diski kama faili la ADF. Faili hilo lina baiti 901,120, kila diski, kwa hiyo diski za miaka yote za baba zitaingia kwenye fleshi moja.

Ukishapata nakala, ifungue kwenye emuleta uone kuna nini. Kama programu inatumia AHI, kuna draiva mmoja wa ziada wa kumjua, anaitwa filesave. Huyo hana kifaa chochote. Kazi yake ni kupokea sauti na kuiandika kwenye faili. Unaenda kwenye mipangilio ya AHI, unamchagua yeye badala ya Paula, unaifungua programu na kubofya kama kawaida. Programu inadhani inapiga kwenye spika. Nilifanya hivyo na ile ya 1997, nikakatakata faili, nikayatuma maneno ya bibi kwenye kundi la familia moja moja. Binamu yangu aliyeko Muscat ameliweka "mlango" kuwa mlio wa kengele ya nyumbani kwake, na mwanawe wa miaka mitatu sasa analisema hivyohivyo, kwa lafudhi ya Tanga.